Nimejibu "hapana", mbona deni limefutwa?

Swali: Ninaandika programu ya Python ya kutunza madeni ya dukani. Kabla ya kufuta deni huuliza kama nina uhakika. Kwa kuwa watu huandika "ndiyo" na wengine "ndio", niliweka if jibu == "ndiyo" or "ndio": lakini hata nikijibu "hapana" deni linafutwa. Rafiki akanishauri mabano, if jibu == ("ndiyo" or "ndio"): na sasa "ndio" inakataliwa. Tatizo ni nini?

Jibu: Python yako ni nzima, usiisakinishe upya. Umeisoma or kama "au" yetu. Tukisema "akijibu ndiyo au ndio", lile "akijibu" linabeba maneno yote mawili. Python haibebi. Inapima jibu == "ndiyo", kisha inapima "ndio" likiwa peke yake, na kwake stringi (maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu) yoyote isiyo tupu ni kweli: hata "hapana", hata "0", hata "False". Kwa hiyo sharti lako halishindwi kamwe.

Mabano ya rafiki yako ndiyo yanayoniudhi, na ushauri huo naukuta kila mahali. Stringi mbili zikiunganishwa kwa or, hupati True wala False. Unapata ile ya kwanza isiyo tupu. ("ndiyo" or "ndio") ni "ndiyo" basi. Ugonjwa umehamishwa, haukutibiwa. Andika hivi (strip huondoa nafasi za pembeni, lower hugeuza herufi kuwa ndogo, na in huuliza kama jibu limo kati ya maneno ya kwenye mabano):

if jibu.strip().lower() in ("ndiyo", "ndio"):

Siku ukibakiza neno moja, acha mkato wake: ("ndiyo",). Ukiuondoa, hiyo ni stringi tu, na in itatafuta kipande ndani yake. Mtu akibonyeza Enter bila kuandika chochote, deni limekwenda, maana stringi tupu imo ndani ya kila stringi.

Wanaofundisha "bandika, ikikubali songa mbele" wanawaumiza watu, kwa sababu kosa hili halileti ujumbe wowote wa hitilafu, na ukilijaribu kwa "ndiyo" linafanya kazi vizuri kabisa. Nimewahi kukuta if cheo == "meneja" or "mhasibu": katika mfumo wa mishahara. Kila aliyeingia, hata mlinzi, aliona mishahara ya wote. Aliyekuja kurekebisha akaweka if cheo != "meneja" or cheo != "mhasibu": ili kuwazuia wengine, akamfungia nje hata meneja, kwani hakuna cheo kinachoweza kuwa vyote viwili. Hapo ilitakiwa and. Mwandishi wa kwanza alikuwa amejaribu kwa jina la meneja peke yake.