Majibu yametoka, lakini umepimwa kwa kipimo gani?

Ukiingia na homa kwenye baadhi ya zahanati za hapa Tanga, usishangae kutoka na malaria, taifodi na UTI kwa mpigo. Ukisikiliza watu pale soko la Mgandini utadhani mji mzima unaumwa taifodi. Nimekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la maabara, na nakuhakikishia wengi wao hawana.

Kinachowapa ugonjwa huo ni Widal, kipimo kilichotokana na kazi ya daktari Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na vijidudu, na kingamwili hubaki mwilini hata baada ya mtu kupona, tena huweza kuletwa na chanjo au na bakteria wengine wa jamii hiyo. Aliyeugua zamani anaweza kuja leo na mafua yake akaondoka na sindano za taifodi. Jibu la kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara mpaka bakteria mwenyewe akue aonekane, kazi ya siku kadhaa, na damu itolewe kabla hujameza antibiotiki. Kwa hiyo ukiambiwa una taifodi ndani ya nusu saa, uliza kwa adabu tu: "Dokta, hii ni Widal au mmeotesha?" (Dirishani sote ni dokta, hata anayeandikisha majina.)

Malaria nayo ina lake. Mama anamrudisha mtoto aliyemaliza dawa mseto wiki iliyopita, kipimo cha haraka bado kina mistari miwili, na anatuambia dawa zetu feki. Kipimo kile hunasa protini ya kimelea iitwayo HRP2, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto wa namna hiyo apimwe kwa darubini kabla ya kuanzishiwa dozi nyingine.

Sasa hesabu ambayo hata wenzangu wa maabara huiruka. Boksi limeandikwa kwamba kipimo ni sahihi kwa asilimia 98 kwa watu wasio na ugonjwa, nawe unaridhika. Chukua watu 1,000 wasio na dalili yoyote, 10 tu ndio wana ugonjwa. Tuseme kipimo kimewanasa wote 10. Kwa wale 990 waliobaki kinakosea kwa wawili katika kila 100, yaani kama watu 20. Waliotoka chanya ni 30, na 20 kati yao hawana kitu! Kipeleke kipimo hichohicho mahali ambapo nusu ya watu ni wagonjwa: chanya za kweli 500, za uongo 10. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, waliopimwa ndio tofauti. Ndiyo maana mchangia damu akiitwa arudi kwa ajili ya homa ya ini au kaswende, namwambia aende akapimwe tena kabla ya kuanza kuaga ndugu.

VVU vimewekewa utaratibu mzuri kwa sababu hiyo: kituoni hutangaziwi maambukizi kwa kipimo kimoja, lazima kifuate kingine cha aina tofauti. Cha kujipima nyumbani, kilichoruhusiwa kisheria mwaka 2019, ni hatua ya kwanza tu. Kikitoa mistari miwili, nenda kituoni. Kikitoa mmoja na ulijiweka hatarini juzi, hakijakwambia lolote, maana mwili unaweza kuchukua hadi miezi mitatu kabla kingamwili hazijaonekana. Ila usikae kuisubiri hiyo miezi: kama saa 72 hazijapita, wahi kituoni ukaulizie dawa za kinga. Na kama tayari unatumia dawa za kufubaza virusi, usijipime kabisa, kwani kinaweza kukuonyesha hasi ukaacha dawa ukidhani umepona.