Hekima irudiyo nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama wafuasi wa Confucius, mwalimu wa kale wa China aliyesisitiza heshima kwa wazazi, walibuni wenyewe ile sura ya mtu mwenye hekima wanayoitukuza, au waliichukua kwa Wabudha na kwa Watao, wafuasi wa mafundisho ya kale ya Tao. Walichota, wala hilo halina ubishi. Mmoja wao, Zhou Dunyi, katika karne ya 11, aliandika kwamba mtu aweza kujifunza hadi akawa mwenye hekima, na kwamba msingi wa kazi hiyo ni kutokuwa na tamaa, jambo ambalo mtawa wa Kibudha asingelipinga. Mchoro wake wa chanzo cha ulimwengu nao una sura ya Kitao. Hata Zhu Xi, mfuasi mashuhuri wa karne ya 12, alijifunza kwa watawa wa Kibudha ujanani. Mimi hunigusa zaidi kile walichokataa kuchukua. Hekima isiyorudi nyumbani haijakamilika. Umenisikia nikilisema hilo tangu utotoni mwako.

Inasimuliwa kwamba mfuasi mwingine wa Confucius, Wang Yangming (1472–1529), alimkuta katika mji wa Hangzhou mtawa wa Kibudha aliyekaa miaka 3 bila kunena wala kutazama. Akamuuliza kama ana mama, na kama humkumbuka. Mtawa akakiri kwamba hawezi kutomkumbuka. Wang akamweleza kwamba upendo ule ndio maumbile yake. Mtawa akalia, na kesho yake alikuwa amekwisha ondoka.

Kila nikifika hapo namwona mwalimu wetu wa Beijing, mwaka 1974, tulipopelekwa kusomea reli wakati TAZARA ikijengwa. Ilikuwa kampeni ya kumlaani Confucius, na asubuhi moja yule mzee alisimama mkutanoni akasoma maneno makali dhidi yake. Jioni akaja bwenini, kwa kuwa alijua bibi yako anaumwa, akanipa stempu na kuketi kimya hadi nilipomaliza kumwandikia. Koo hunikaba hadi leo nikimkumbuka, maana yale aliyoyalaani asubuhi ndiyo aliyoyatenda jioni.

Lakini pengine nawaonea Wabudha. Budha mwenyewe, aliyemwacha mke na mwana, husimuliwa kuwa alirudi kwao kufundisha, na bodhisatwa, yule aliye njiani kuwa Budha, huapa kutowaacha viumbe wengine nyuma. Je, huko nako si kurudi nyumbani, tena nyumba pana kuliko yetu? Hata hivyo mama wa yule mtawa alingoja miaka 3, na hakuna kiapo kilichompikia uji.

Ulimi unaniwasha nitoe hukumu, na unajua ningempa nani. Nauzuia kwa shida, kwa kuwa wewe bado hujawasoma Wabudha kwa maneno yao wenyewe. Wasome, kisha uniandikie.

Baba yako