Fikeni Ukurasa wa Tatu: kwa wadogo zangu wa forodha Malaba

Wadogo zangu mlioanza uajenti wa forodha hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, nawapenda, na kwa sababu hiyo leo nitasema kwa ukali. Wiki iliyopita nimemwona mmoja wenu akifungua entri, yaani tamko la mzigo, ya mwezi uliopita kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, akabadilisha namba ya ankara, uzito na thamani, akatuma, akarudi kwenye simu yake. Ankara yenyewe ilikuwa bado ndani ya bahasha. Nilipomuuliza akanijibu, "Mzee, mteja ni yuleyule, mzigo ni uleule."

Cheti cha EACFFPC, kile cha uajenti wa forodha wa Afrika Mashariki, mnacho. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 mmeifanyia mtihani mkafaulu. Kinachowaangusha ni kukesha, simu, haraka na aibu ya kuuliza, na hayo hayafundishwi darasani. Namna unavyoishi jioni ndivyo entri yako itakavyotoka asubuhi.

1. Soma nyaraka zote, hadi ukurasa wa mwisho, kabla hujagusa kibodi.

Hapa nitakaa, mnivumilie. Nilikuwa na mteja wa Kikuubo, mtaa wa biashara kule Kampala, Hajjati mmoja aliyeagiza vyombo vya plastiki kutoka China: sahani, vikombe, beseni. Mizigo yake yote ya nyuma ilikuwa 3924, msimbo wa forodha wa vyombo vya plastiki, nikaizoea kiasi kwamba naijaza bila kufikiri. Jioni moja nikaenda kutazama mpira, mpira ukaisha, maongezi hayakuisha. Nililala karibu na alfajiri. Asubuhi nyaraka zake zikaingia, nikafungua entri ya zamani, nikabadilisha namba, nikatuma. Orodha ya mzigo ilikuwa na kurasa tatu. Mbili nilizipitia juu juu. Ya tatu sikuifungua.

Kontena ikaangukia njia nyekundu, yaani ifunguliwe na kukaguliwa. Sikuwa na wasiwasi, maana beseni ni beseni. Vibarua wakashusha makatoni ya mbele, beseni. Ya katikati, sahani. Kisha yakatoka makatoni mafupi yenye alama nyingine ubavuni. Afisa akachana utepe kwa ncha ya ufunguo. Themosi. Nyekundu, zenye maua, zile za chai zilizo katika kila nyumba. Themosi ni 9617, sura nyingine kabisa ya kitabu cha misimbo, na kwenye entri yangu haikuwemo hata moja. Afisa akaomba faili, akafunua ukurasa wa tatu, akaweka kidole kwenye mstari. Muuzaji alikuwa ameziandika waziwazi, idadi na uzito.

Sasa elewa uzito wake. Hajjati hakuficha kitu. Mimi ndiye niliyemfanya aonekane mficha mali, kwa sababu mbele ya forodha bidhaa isiyotajwa ni bidhaa isiyotajwa, na sheria haiulizi kama ajenti alilala vizuri. Faini ikaandikwa. Siku za kontena zikaendelea kuhesabiwa na kampuni ya meli. Dereva aliyetoka Mombasa akawa analala kwenye kabini, na kila asubuhi ananifuata mlangoni: "Bosi, leo?" Nami sina jibu la kumpa.

Hajjati akapanda basi akaja mwenyewe. Akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwenye karatasi zangu zilikuwemo au hazikuwemo?" Kichwani nilikuwa na majibu tayari: mtandao ulisumbua, faili halikufunguka. Nikasema zilikuwemo, sikusoma. Akanyamaza, akaitikia kwa kichwa. Ofisi ililipa faini, nami nikakatwa mshahara hadi deni likaisha. Mzigo wake uliofuata aliupeleka kwa ajenti mwingine, na majirani zake wa Kikuubo waliokuwa wameanza kuniulizia bei wakaacha kupiga simu. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma kuliko makato.

Tangu hapo nachapisha orodha, nashika kalamu, natia alama kila mstari. Nikimaliza najumlisha makatoni, nalinganisha na bili ya shehena. Hesabu isipokubaliana, nampigia mteja kwanza. Inachukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

2. Laleni. Mpaka unafanya kazi saa 24, wewe huwezi.

3. Unapoandika msimbo, simu iwe mfukoni. Ni tarakimu nane, na moja ikikosewa mzigo umehama kundi.

4. Usimpe mtu nywila yako, hata rafiki, hata "dakika moja tu". Entri ikitoka kwa jina lako ni yako.

5. Pesa ya kodi ya mteja isipite kwenye simu yako. Toa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, yaani PRN, mpe mteja, alipe mwenyewe benki au kwa simu. Nasema hivi nikimkumbuka kijana mmoja hapa, mwepesi wa akili kuliko sisi sote. HS, ile orodha ya misimbo ya bidhaa, alikuwa nayo kichwani. Ukimtajia pampu ya maji anakuambia 8413 kabla hujamaliza. Alikuwa anabeti. Mwanzoni kwa pesa zake, kisha kwa pesa iliyolala kwake usiku mmoja ikisubiri benki ifunguliwe. Alikusudia kuirudisha kabla ya asubuhi, na naamini alikusudia kweli. Hayupo tena kwenye kazi hii, na kila nikipata bidhaa ngumu kuainisha namkumbuka, kwa sababu yeye ndiye ningemuuliza. Kama unabeti, acha. Kama umeshindwa kuacha, njoo tuongee, mlango uko wazi na sitamwambia mtu.

6. Ulizeni. Nimewaona mkikaa na msimbo nusu siku kwa kuogopa kuonekana hamjui. Mimi bado nauliza. Bidhaa ikiwa na utata wa kweli, mteja anaweza kuomba uamuzi wa uainishaji kwa maandishi kabla mzigo haujafika, na barua hiyo itawalinda nyote wawili.

7. Madereva wapokeeni simu. Kama hakuna jipya, mwambie hakuna jipya. Mtu aliyetoka Mombasa na usingizi machoni hastahili kukutafuta nyuma ya vibanda vya rolex, zile chapati za mayai. Tena dereva uliyemheshimu ndiye atakayekupigia kukwambia namba ya sili, ile lakiri ya kontena, inasomeka tofauti na karatasi, wakati bado unaweza kurekebisha.

8. Juni ikiisha, funga entri zako za zamani usizinakili tena. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na Gazeti la Jumuiya hutoka na viwango vipya na nchi zilizoomba kuachwa nje ya kiwango cha pamoja cha ushuru. Mkumbuke Julai 2022: ngazi ya asilimia 35 iliongezwa juu ya zile za 0, 10 na 25, na aliyemhesabia mteja kwa entri ya Juni alimpa kiwango kilichokufa. Gazeti la mwaka huu nimelichapisha, lipo mezani kwangu pamoja na kalamu za rangi. Njooni Jumamosi saa nne asubuhi, kila mmoja na bidhaa tano za wateja wake, tuzipitie mstari kwa mstari. Wewe wa wiki iliyopita, njoo na ile bahasha.