Kabla hujabonyeza AUTO

Nilipoanza kurusha picha za harusi kwenye skrini kubwa hapa Tanga, niliamini mteja analipia manjonjo. Swicha, yaani mashine ya kuchagua kamera ipi ionekane kwenye skrini, ilikuwa na nyota, miduara, na picha inayoisukuma nyingine kutoka pembeni. Nikavitumia vyote, usiku mmoja.

Kisha ikaja harusi ya Ngamiani. Baba wa bibi harusi alisimama kumuaga binti yake, kamera ya pili ikiwa usoni kwake, machozi yanamlengalenga. Nikabonyeza AUTO, kitufe kinachobadilisha picha chenyewe kwa manjonjo uliyochagua. Nyota ikafunguka taratibu, sekunde mbili nzima, kuelekea kamera ya ukumbini. Baada ya wiki mbili mama mtu akanifuata: "Mwanangu, hapa baba yake alikuwa analia. Mbona nyota imempitia usoni?" Sikuwa na picha nyingine ya kumpa, kwa sababu nilirekodi kile tu kilichotoka kwenye swicha. Tangu siku hiyo kila kamera inarekodi kwenye kadi yake, na kidole changu hukaa kwenye CUT, kitufe cha kukata, yaani kubadilisha picha papo hapo.

Kukata ndiyo kazi yenyewe. Kwenye taarabu, mwimbaji akishika kiitikio na watu wakainuka kwenda kumtunza, kata kwenye pigo. Bonyeza pigo linapokaribia; ukisubiri ulisikie kwanza, umechelewa. Waimbaji na ngoma wakiwa wamechangamka, hakuna manjonjo yatakayoshinda kukata hapo.

Miksi, yaani picha moja kuyeyukia nyingine, naiweka kwa mambo ya utulivu: kasida, dua, bibi harusi akiingia. Ila angalia picha mbili unazoziyeyusha. Kama zote ni za mtu yuleyule, kwa ukubwa uleule, katikati ya mpito, yaani wakati picha moja inaipisha nyingine, utamwona ana macho manne. Yeyusha kutoka picha pana ya ukumbi kwenda kwenye mkono wenye hina, hapo inapendeza. Muda nao uuchunge. Kwa fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha mojamoja zinazounda video), mpito wa fremu 25 ni sekunde moja. Ukihamia fremu 50, namba ileile inakuwa nusu sekunde. Wengi hubadilisha mfumo wa picha halafu wanashangaa kwa nini kila kitu kinakimbia.

Mpito unaopitia rangi, nyeusi au nyeupe, nautumia pale sehemu moja inapokwisha na nyingine kuanza. Waipu za maumbo, yaani picha moja kuifuta nyingine kwa umbo kama ile nyota, nimeziacha karibu zote. Ukiitaka, chagua mstari ulionyooka, ulainishe ukingo wake, na uupeleke upande ambao watu wanaelekea.

Kama swicha yako ina mkono wa kusukuma, usiuache njiani. Ukisimama katikati, picha mbili zinabaki hewani, yaani kwenye skrini ya watu, pamoja, na vitufe viwili vinawaka nyekundu. Ukifika mwisho usiurudishe ulikotoka. Mpito unaofuata unaanzia hapohapo. Na FTB, kile kitufe cha kuzima picha yote iwe nyeusi, kikiachwa kimewashwa unaweza kubadilisha kamera mpaka uchoke bila skrini kuonyesha kitu. Kibonyeze tena, picha itarudi.

Kwa wenye ATEM Mini, aina ya swicha ndogo: kuna mpangilio ambapo ukigusa namba ya kamera, picha inakwenda hewani moja kwa moja. Mimi nimeubadilisha kwenye programu ya kompyuta, ili kamera ije kwanza kwenye hakiki, picha ninayoiona mimi kabla ya watu, niitazame, ndipo niipeleke. Mara ngapi nimekuta mpiga kamera bado anatafuta fokasi! Hakiki imeniokoa.

Fika ukumbini mapema, kabla viti havijapangwa. Elekeza kamera mbili jukwaani, mwombe mwenye muziki aweke nyimbo mbili, mmoja wa kasi na mmoja wa polepole, ukate na kuyeyusha mpaka vidole vijue vitufe bila macho kushuka. Usiku macho yako yatahitajika kwenye nyuso za watu.