Muulize Bibi Shamba: Viwavi bado wanatembea, nimeuziwa feki?

Swali: Shikamoo Bibi Shamba. Nilinunua kiuadudu cha unga, muuzaji akasema ndani mna bakteria. Nikapiga kabichi zangu asubuhi. Jioni narudi, viwavi wako hai, wananitazama. Nimeuziwa feki? Na kama kweli ni bakteria, watoto hawataugua wakila kabichi hizo?
*Mama wa Kabichi*

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo muuzaji mwache kwanza, soma lebo. Ukikuta Bacillus thuringiensis, au kwa kifupi Bt, basi unacho kitu halisi, ila umekitegemea kifanye kazi kama dawa ya kemikali inayomwangusha mdudu ikimgusa tu. Bt haina makali yoyote mpaka mdudu aile.

Bakteria huyu anaishi udongoni na si mgeni kwetu. Ishiwata, mtafiti wa Japani, alimkuta mwaka 1901 akiangamiza viwavi wa hariri, na kufikia 1938 Wafaransa walikuwa wanamuuza kama dawa. Chakula kikimwishia hujifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi, na pembeni yake hutengeneza fuwele ya protini. Fuwele hiyo ndiyo silaha. Kiwavi akitafuna jani lenye dawa, fuwele inafika kwenye utumbo wake wenye alkali kali na kuyeyuka. Vimeng'enya vya utumbo huohuo vinaikata, kisha kipande kilichobaki kinang'ang'ania seli za ukuta wa utumbo na kuzitoboa. Ndani ya saa chache kiwavi anaacha kula. Kufa ni baadaye, mara nyingi siku mbili tatu.

Kwa hiyo jioni ile ulipaswa kuangalia kama wanakula, si kama wanatembea. Geuza jani utazame kinyesi. Vipunje vya kijani, vibichi, vyenye unyevu, maana yake bado anakula. Vikiwa vikavu na hakuna vipya, na matundu ya jani hayaongezeki, dawa imeingia. Baadaye utamkuta amelegea, ameanza kuwa mweusi.

Ila saa uliyopigia sikuipenda. Jua linaiharibu Bt upesi, hivyo piga jioni ili viwavi waile usiku kucha. Fikisha dawa chini ya majani, maana wadogo wanajificha huko, na hao wadogo ndio wa kuwahi. Kiwavi aliyenenepa kama kidole anahitaji dozi kubwa, na hadi afe atakuwa ameshakumaliza.

Kuhusu watoto, tumbo la binadamu lina tindikali, si alkali, na seli za utumbo wetu hazina mahali pa kuishika sumu hiyo. Osha kabichi kama kawaida. Anayechanganya dawa ndiye ajihadhari: unga usiingie machoni wala usiuvute puani, funga barakoa. Na kama jirani yako anafuga viwavi wa hariri, mwambie kabla hujapiga. Aina inayoua viwavi wa kabichi haichagui, hata wa vipepeo wazuri inawamaliza.

Swali: Mbona Bt haiui vidukari kwenye maharage yangu?
*Kijana wa Bomba*

Jibu: Kidukari hatafuni jani. Anachoma mrija wake ndani na kunyonya utomvu, dawa yako imebaki juu ya ngozi ya jani. Tafuta nyingine. Halafu kumbuka Bt zina aina zake: ya viwavi si ya mbu. Ile ya viluwiluwi vya mbu inaitwa israelensis, iligunduliwa jangwa la Negev mwaka 1976, nayo inawekwa majini.

Swali: Tumefundishwa kuwa jeni ya bakteria huyu imepandikizwa kwenye mimea. Kwa nini, kama bomba linatosha? Na wadudu hawatazoea?
*Mwanafunzi wa Kilimo*

Jibu: Bomba halitoshi kwa bungua wa mahindi. Akishazama ndani ya bua, utanyunyiza mpaka mkono uume. Ndiyo maana, baada ya jeni ya sumu hii, yaani maelekezo ya kuitengeneza yaliyomo ndani ya bakteria, kutengwa mwaka 1981, watafiti wa Ghent, Ubelgiji, waliiingiza kwenye tumbaku, wakatangaza matokeo mwaka 1987. Pamba na mahindi ya Bt yaliingia mashambani Marekani mwaka 1996. Mmea unajitengenezea sumu, na bungua anaila kila anapotafuna.

Kuzoea, wanazoea. Na usidhani ni shauri la jeni tu: nondo mdogo wa kabichi alishapata usugu Hawaii kwa kunyunyiziwa Bt mfululizo, na taarifa hiyo ilitoka 1990, kabla ya mazao hayo kuuzwa.

Kinga yake wakulima wengi hawaipendi: kupanda karibu kipande cha zao lisilo na Bt na kuwaachia wadudu. Nondo wasio na usugu wanakulia hapo, wanajamiiana na wale wachache sugu waliosalimika kwenye Bt, na watoto wao kwa kawaida bado wanakufa wakila Bt. Mwenye shamba anaona kipande hicho ni hasara. Sikubaliani naye hata kidogo. Arizona, Marekani, walipanda vipande hivyo na funza wa pamba wa rangi ya waridi akaendelea kufa. India wengi hawakupanda, na kufikia 2010 funza huyohuyo alikuwa ameshaishinda pamba ya Bt ya kwanza katika jimbo la Gujarat. Mwalimu akikuuliza, mpe mfano huo.