Daktari Anajibu: Je, kisu husambaza saratani ya kongosho?

SWALI: Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 60, amekuwa na macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai kavu na muwasho wa mwili mzima. Katika hospitali moja ya rufaa jijini Mbeya, picha ya CT ilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, akashauriwa upasuaji. Wazee wa ukoo wanakataa, wakidai kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa, na wanataka atumie mitishamba. Tufuate lipi?
Mpwa, Makambako

JIBU: Wazee wako wameona jambo la kweli, kwamba wengi hukutwa saratani imeshasambaa, lakini anayeisambaza siyo kisu. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, hivyo saratani yake hukua kimyakimya, na wagonjwa wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kuenea kwenye ini au kuikumbatia mishipa mikubwa ya damu. Ni takriban 15 hadi 20 tu kati ya 100 ambao uvimbe wao bado unaweza kuondolewa. Kama mjomba ameshauriwa upasuaji baada ya picha hiyo kuchunguzwa vizuri, basi huenda yumo miongoni mwa hao wachache, na manjano yanayowatia hofu ndiyo yaliyomfikisha hospitali mapema, kwa sababu uvimbe wa kichwa cha kongosho huubana mrija wa nyongo.

Upasuaji wenyewe, unaoitwa Whipple kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1935, ni mzito na huchukua saa nyingi. Huondolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, kibofu cha nyongo, kipande cha mrija wake na wakati mwingine sehemu ya tumbo, kisha vilivyobaki huunganishwa upya na utumbo. Kinachoogopwa zaidi ni kuvuja pale kongosho lilipounganishwa na utumbo. Palipo na timu iliyozoea kazi hii, vifo vinavyotokana na upasuaji huwa chini ya 5 kati ya 100; kwa hiyo muulizeni daktari, bila kuona haya, wanafanya upasuaji wa namna hii mara ngapi kwa mwaka, na kama ni mara chache, ombeni rufaa ya Muhimbili.

Sitawaficha: hata baada ya upasuaji na dawa za kemo zinazofuata, saratani hii hurudi kwa wengi. Hata hivyo, bila kuondoa uvimbe hakuna matumaini ya kupona kabisa. Kuhusu mitishamba, ini ambalo nyongo yake imeziba halistahili kubebeshwa dawa zisizojulikana, na kama ameshaanza kuzinywa, daktari aambiwe kabla ya siku ya upasuaji.