Mume anasema Krismasi ni upagani

Pole sana, dada. Umesema tangu mumeo ahamie kanisa jingine hataki Krismasi nyumbani, eti 25 Desemba ni sikukuu ya jua ya Warumi, na watoto wanalia wakiona jirani anapamba tawi lake la mvinje.

Usimbeze, maana hoja anayo. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 inaitaja tarehe hiyo kuwa siku ya kuzaliwa Jua Lisiloshindwa. Ila maandishi hayohayo yanaiweka pia kuwa siku aliyozaliwa Kristo, na wanahistoria bado wanabishana ipi ilitangulia. Akikuletea Yeremia 10 kuhusu mti uliopambwa kwa fedha na dhahabu, someni wote hadi mstari wa 5: ni sanamu isiyosema wala kutembea, mpaka ibebwe. Nani kwenu ameusujudia mvinje?

Hata hivyo, usiende kumshinda. Katika Warumi 14 Paulo anawapokea wanaoadhimisha siku na wasioadhimisha, anachokataza ni kudharauliana. Kwetu tuliacha mti kwa sababu ulimkwaza mama mkwe. Tukabaki na ibada, pilau, na Luka 2 ikisomwa na kitinda mimba wetu, kidole kikifuata neno kwa neno, sote tumenyamaza tukimsubiri.

Watoto wakishalala, muulize mumeo kinachomsumbua hasa: tarehe, mti, au ulevi wa siku ile? Kila kimoja kina jibu lake. Mkubaliane kabla ya Desemba, watoto wasisikie baba na lake, mama na lake.